Tyubulesi kwenye baiskeli ya mlimani: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Kiangazi kikikolea, mbigili hukauka pembeni mwa njia za vumbi na kila punje hulala chini na mwiba mmoja umeangalia juu. Ongeza miiba ya migunga na kona kali za granaiti kwenye vilima vya mji, utaelewa kwa nini waendesha baiskeli wa Mwanza wanaulizia tyubulesi, yaani matairi yasiyo na tyubu. Yanafaa kwa mazingira haya. Lakini mengi yanayosemwa juu yake kwa mafundi na vijiweni si kweli, na wengi huyakatia tamaa mapema kwa sababu hiyo.

"Tyubulesi haipati pancha"

Inapata sana, ila mara nyingi hujui. Ndani ya tairi kuna dawa ya majimaji, yaani lateksi iliyochanganywa na chembe ndogo ngumu. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka huisukuma dawa kwenye tundu, chembe zinakwama, lateksi inaganda juu yake. Kwa mbigili kazi hiyo huisha kabla hujashuka kwenye baiskeli. Tundu la msumari mwembamba nalo huziba ukizungusha gurudumu mpaka tundu likae chini, dawa ilifikie.

Tundu likizidi milimita 5 hivi, dawa hurushwa nje bila kushika. Hapo unachomeka utambi wa mpira. Nunua tambi za baiskeli. Za magari ni nene, na ukizilazimisha zinapanua tundu ulilokuja kuliziba. Mkato wa ubavuni ni habari nyingine: ubavu ni mwembamba na unajikunja kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo utambi haukai. Ukinunua tairi la kupitia kwenye mawe, usichague lenye ubavu mwepesi kupita yote dukani.

"Rimu yoyote inafaa, mradi uizibe"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Baiskeli nyingi za mtumba za gia zina rimu zilizotengenezwa kwa ajili ya tyubu. Vua tairi uangalie ndani. Rimu ya tyubulesi ina mfereji katikati, na kila upande wa mfereji kuna kibaraza bapa chenye kituta kidogo kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze kurudi mferejini. Rimu isiyo na kituta hicho inaweza kushika upepo ikiwa imesimama uani, kisha ikauachia wote kwa mpigo ukiwa kwenye kona. Rimu za chuma za Phoenix na ndugu zake usizifikirie kabisa. Anayebeba magunia kwa baiskeli ya aina hiyo atumie tyubu nzuri na viraka, hajapungukiwa kitu.

Tairi nalo liwe limeandikwa TR, TLR au Tubeless Ready ubavuni. Tairi la kawaida lina ukingo unaoweza kutanuka, na ubavu wake huvujisha dawa kama jasho. Kipenyo kisome kwa milimita, maana inchi hudanganya: 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, 622 ni ya 29. Rimu yenye upana wa ndani wa milimita 25 hadi 30 hubeba vizuri tairi la inchi 2.2 hadi 2.5.

Angalia pia tundu la valvu. La valvu nyembamba ya Presta ni milimita 6.5, la valvu nene, kama ya gari, ni 8.5. Ukiweka valvu nyembamba kwenye tundu la 8.5, upepo utapita pembeni. Tafuta valvu ya tyubulesi ya aina nene.

"Tepu ya umeme inatosha"

Haitoshi. Inavutika, presha inaibonyeza ndani ya matundu ya spoku, na gundi yake huachia ikilowa dawa. Tepu ya rimu haivutiki hivyo, na iwe pana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 hadi 5, ili ipande mpaka kwenye vibaraza vyote viwili.

Safisha rimu kwa spiriti, iache ikauke kabisa. Anza kubandika sentimita 10 hivi kabla ya tundu la valvu, vuta kwa nguvu, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, umalizie sentimita 10 baada ya tundu. Hapo kwenye valvu patakuwa na tabaka mbili. Toboa kwa ncha nyembamba, usichane kwa kisu, kwa sababu mchano huendelea wenyewe. Nati ya valvu ikaze kwa vidole. Koleo huikaza kupita kiasi, na siku ukihitaji kuitoa njiani haitoki.

"Bila kompresa tairi halikai"

Pampu ya kusimama inatosha mara nyingi, ukiandaa mambo mawili. Kwanza toa kiini cha valvu, kile kipande cha ndani kinachozuia upepo usirudi, ili upepo uingie kwa wingi. Pili, paka maji ya sabuni kwenye kingo zote za tairi. Piga pampu haraka bila kupumzika, utasikia mlio mmoja au miwili ya tairi kupanda kwenye kibaraza. Zungusha gurudumu uangalie mstari mwembamba ulio karibu na rimu: uwe na umbali sawa kote. Kama tairi limelegea mno na upepo unatoka tu, ongeza tabaka la pili la tepu.

Kompresa ya sheli inafaa pia, kwa adapta ya Presta. Hatari yake ni mwendo: tairi la baiskeli lina nafasi ndogo, na presha inapanda kabla fundi hajaangalia geji. Usipite kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au rimu, kile kilicho kidogo kati ya viwili.

Jaribu kwanza bila dawa. Likishakaa, toa upepo bila kubandua kingo, mimina dawa kupitia valvu kwa bomba la sindano la duka la dawa, rudisha kiini, jaza. Tikisa, laza gurudumu juu ya ndoo dakika 10 kila upande, kisha endesha kilomita chache siku hiyohiyo.

"Likiwa gumu ndiyo salama"

Mazoea ya tyubu hayo. Kwenye tyubu, upepo kidogo huifanya ibanwe kati ya jiwe na rimu na kupata matundu mawili pacha. Bila tyubu hatari hiyo hupungua sana, hivyo unaweza kushusha presha na tairi likashika mwamba badala ya kurukaruka juu yake. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la inchi 2.3, anza na psi (kipimo cha presha) 21 mbele na 24 nyuma. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza mbili. Kidole gumba hakipimi tofauti hizo, na geji ya gari ni ya namba kubwa mno. Geji ndogo ya presha ya chini ni ununuzi wa maana kuliko tairi la bei.

"Dawa ukiweka mara moja basi"

Lateksi hukauka. Kwa joto letu, hasa baiskeli ikilala kwenye stoo ya bati, ipime kila miezi 2: toa kiini cha valvu, chomeka kijiti chembamba, kama unavyopima oili ya injini. Kuongeza maji hakuifufui, maana iliyokwisha kuganda haiyeyuki tena. Kwa 26 weka mililita 90, kwa 29 weka 120. Ukipita penye mbigili kila siku ongeza 30. Dawa ya kijani ya pikipiki, ile ya nyuzinyuzi, haizibi vizuri vinyweleo vya tairi la baiskeli.

"Inapunguza uzito sana"

Kidogo tu. Tyubu ya 29 ina gramu 200 hivi. Dawa, tepu na valvu hurudisha zaidi ya nusu.

"Tyubu sasa tupa"

Beba moja. Ubavu ukichanika mbali na mji, utatoa valvu ya tyubulesi, utaweka kipande cha tairi kuukuu sehemu iliyochanika, na tyubu juu yake. Ila kabla ya kuiingiza, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, taratibu, ukigeuza. Miiba iliyozibwa na dawa kwa miezi yote hiyo bado imo, ncha zimeelekea ndani, na mmoja tu uliobaki utaitoboa tyubu hiyo kabla hujamaliza kilomita.