Nguzo ikipasuka, usikimbilie kumlaumu fundi

Kisumu, nguzo ya mkaratusi ikipata ufa miezi michache baada ya kusimamishwa barazani, wengi husema fundi ameuza mti mbovu. Mara nyingi anaonewa.

Mti hufyonza na kutoa unyevu hata baada ya kukatwa. Jua la mchana hukausha sehemu ya nje upesi ilhali ndani kungali na maji. Nje inataka kusinyaa, ndani inagoma, na nyuzi zinaachana. Mvua ya jioni ikinyesha, mti unavimba tena, na kesho ni yaleyale.

Tena mti hausinyai sawasawa. Kufuata mzunguko wa pete zake, husinyaa takriban mara mbili zaidi ya kutoka kiini kwenda gome. Kwa hiyo gogo la mviringo lenye kiini katikati ni nadra kukauka bila kupasuka. Tazama kichwa cha nguzo iliyokatwa: nyufa zinaelekea kiini. Rangi huchelewesha tu, ingawa kuipaka vichwani, unyevu unakotoka haraka zaidi, husaidia sana.

Ufa unaofuata urefu wa nguzo kwa kawaida haupunguzi sana nguvu zake za kubeba paa. Unaokata nyuzi kwa upande ndio wa kumwitia fundi, leo hii. Kagua pia ufa uliopenya tabaka la dawa, maana mchwa huingilia hapo. Upake dawa upya. Na fundi aliyekuletea mti mbichi kabisa? Huyo mlaumu kidogo.