Kitabu Chenye Saini ya Mwandishi: Ukikiuza kwa Bei ya Juu, Unamkosea Nani?

Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, vitabu vyake viliadimika madukani, na wenye nakala alizozitia saini zamani wakajikuta na mali. Sisi wa vitabu adimu huulizwa: kuuza nakala ya namna hiyo kwa bei ya juu si ulanguzi?

Kisheria hakuna tatizo. Haki ya mwandishi iko kwenye maneno, nakala uliyoinunua ni yako. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1908. Wachoraji wamebahatika kidogo, maana tangu 1920 Ufaransa huwapa fungu kazi zao zinapouzwa tena. Mwandishi hapati kitu kitabu chake kilichochapwa kinapouzwa tena, kiwe na saini kisiwe nayo. Binafsi sioni dhambi katika faida hiyo.

Dhambi iko kwenye kuficha. Novemba 2022 kampuni ya Simon & Schuster iliuza nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan, dola 599 kila moja, kwa madai kwamba amezisaini kwa mkono. Wanunuzi walipolinganisha picha mtandaoni, saini zilifanana kupita kiasi: zilikuwa za mashine. Fedha zikarudishwa, Dylan akaomba radhi. Mwenye nakala hiyo leo anaweza kuiuza, mradi aseme wazi ni saini ya mashine. Akinyamaza, ni tapeli, hata kama naye alitapeliwa.

Msitegemee mno vyeti vya kuthibitisha saini. California ilivilazimisha mwaka 2017, wauza vitabu wakalalamika hadi mahakamani, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa kuviondoa vitabu. Anayeweza kughushi saini hashindwi na karatasi. Uliza kilisainiwa wapi, lini, na kimepitia mikono ya nani.

Linaloniudhi zaidi hutokea upande wa kununua. Mfanyabiashara anaingia nyumba yenye msiba, anaona saini ambayo warithi hawaijui, anatoa bei ya kitabu chakavu. Aliyeitwa kwa sababu ya utaalamu wake hana ruhusa ya kuugeuza mtego. Ataje thamani kwanza, ndipo wapatane.

Na kama mwandishi alikuandikia jina lako, usilikwangue wala kuchana ukurasa ili kuficha aibu ya kuuza zawadi. Unaharibu ushahidi, na bei inashuka.