Estrojeni ya mimea: hicho kitu cha kwenye soya kinachowatisha wanaume

Kuna siku mume wangu alirudi kutoka kijiweni akakuta nimemwekea soya ya kunywa, ile inayokaangwa ikasagwa, wengine wanaiita kahawa ya soya, akakisogeza kikombe pembeni kama kimeingia nzi. Namuuliza vipi, ananiambia "mama watoto, hiki kitu kinaotesha wanaume matiti, jamaa wamenionyesha kwenye simu." Mwezi mzima alikuwa anainywa na andazi na anasifia, leo imekuwa sumu. Nilicheka, lakini usiku nikabaki najiuliza, hivi hiyo estrojeni wanayoisema kwenye vijiwe vya Tabata kweli imo kwenye soya au ndo stori za kahawa tu? Basi nikaanza kusoma, na nilichokuta ni kwamba jina lipo, kitu kipo, ila maana yake sio ile waliyopeana kijiweni.

Estrojeni ni homoni. Tunaiita ya kike lakini wanaume nao wanayo, kidogo, na wakiikosa kabisa mifupa yao inalegea, kama ambavyo sisi wanawake tunayo testosteroni kidogo. Homoni ikishatoka inakozalishwa inatembea kwenye damu mpaka ikutane na chembe hai yenye kipokezi chake, yaani sehemu iliyotengenezwa kuipokea hiyo homoni na sio nyingine, ikikaa hapo ndo kazi inaanza. Bila kukaa hapo inapita zake tu.

Sasa soya ina vitu vinaitwa isoflavoni, vikubwa vitatu, jenisteini, daidzeini na glisiteini. Mmea hauvitengenezi kwa ajili yetu, unavitumia kujikinga na fangasi na pia kuwaita bakteria wa kwenye mizizi wale wanaoutafutia naitrojeni, huko shambani Ruvuma au Njombe hakuna mche wa soya wenye habari na kifua cha mtu. Ila imetokea umbo la isoflavoni linafanana fanana na la estrojeni, kwa hiyo zinaweza kukaa kwenye kipokezi cha estrojeni. Hapo ndo likaja jina estrojeni ya mimea. Jina linaeleza umbo na mahali pa kukaa, halisemi kwamba nguvu ni ile ile, na watu wameshika jina wakaacha maelezo.

Mi nilielewa vizuri nilipomfikiria deiwaka. Si unamjua deiwaka wa daladala, dereva mwenye gari akienda kula au akichoka anampa mwenzake apige trip mbili. Estrojeni ya mwili ndo dereva mwenye gari, isoflavoni ni deiwaka. Anakaa kwenye kiti kile kile, anashika usukani ule ule, lakini gari haliendi kama anavyoliendesha mwenyewe, yaani nguvu yake ni ndogo mara nyingi sana ukilinganisha. Afu huyu deiwaka ana ruti anayoipenda. Vipokezi vya estrojeni viko aina mbili, alfa na beta, estrojeni yetu inakaa kote bila shida, isoflavoni zinapenda zaidi beta, na hizo beta na alfa hazijagawanyika sawa mwilini, kwenye mji wa mimba kwa mfano alfa ndo nyingi. Kwa hiyo hata ukisema soya inafanya kazi ya estrojeni inabidi uulize wapi, na dereva mwenyewe yupo au hayupo. Dereva akiwepo wa kutosha, deiwaka aliyekalia kiti anaweza hata kupunguza kazi. Dereva akiwa ameondoka, kama kwa mama aliyekoma hedhi, deiwaka anasogeza gari kidogo, na ndo maana kuna wamama joto lile la ghafla la usiku linawapungua kiasi wakitumia soya kila siku, na wengine hawaoni chochote. Sababu mojawapo ya hiyo tofauti ni bakteria wa tumboni, kuna wanaoigeuza daidzeini kuwa kitu kinaitwa ekwoli chenye nguvu zaidi, na sio kila tumbo linao hao bakteria.

Na hofu haikuanzia kwenye simu za kijiweni, ina historia. Miaka ya 1940 huko Australia ya Magharibi kondoo walianza kushindwa kushika mimba, wafugaji wakahangaika, mwisho ikagundulika ni majani fulani ya malisho yanaitwa klova, yamejaa estrojeni ya mimea. Lakini muangalie huyo kondoo, anakula hilo jani asubuhi mpaka jioni, halili kingine, na tumbo lake la kucheua linageuza sehemu kubwa kuwa ekwoli. Hapo sio deiwaka mmoja tena, hiyo ni stendi nzima ya madeiwaka imeingia gari moja.

Stori ya matiti nayo ina mtu wake kweli. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliandika habari za mzee wa miaka 60 aliyevimba matiti na hamu ya tendo la ndoa ikashuka, wakapima estrojeni wakaikuta juu, wakatafuta sababu wee, kumbe mzee anakunywa maziwa ya soya karibu lita 3 kwa siku. Kila siku! Alipoacha, vipimo vikarudi na maumivu yakaisha. Nilimsomea mume wangu nikamuuliza wewe unakunywa lita 3? Akasema hata maji hafikishi. Tena walipokusanya tafiti nyingi za wanaume wanaokula soya kwa kiasi cha kawaida na hata zaidi ya kawaida, mkusanyo mmoja ukatoka 2010 na mwingine 2021, testosteroni haikushuka na estrojeni haikupanda. Sasa kesi ya mtu mmoja wa lita 3 ndo imezunguka dunia nzima mpaka Tabata, hizo nyingine hakuna aliyezituma kwenye grupu.

Na niwaambie kitu kingine, huyo huyo jamaa anayeogopa soya kwenye kikombe anakula kuku wa kisasa aliyekuzwa na mashudu ya soya, na chipsi yake anaimwagia soya sosi. Homoni hapati huko, soya sosi ina isoflavoni kidogo mno, kilichojaa mle ni chumvi, na mwenye presha angeiogopa kwa hilo. Mafuta ya kupikia ya soya nayo karibu hayana kabisa, isoflavoni zinabaki kwenye mashudu.

Kwa wanawake hofu ni saratani ya matiti, na hapa sitaki mzaha. Ilitokana na majaribio ya panya waliopewa jenisteini peke yake, uvimbe ukakua. Baadaye ikaonekana panya mwili wake unaishughulikia isoflavoni tofauti na sisi, kwenye damu yake inabaki nyingi ikiwa tayari kufanya kazi. Kwa binadamu, utafiti mkubwa wa Shanghai uliotoka 2009 uliwafuatilia wanawake 5,042 waliokwisha kuugua saratani ya matiti, waliokula soya zaidi ndo walikuwa na uwezekano mdogo wa ugonjwa kurudi au kufa. Haimaanishi soya ni dawa, wanaokula soya huenda wana mambo mengine mazuri wanayoyafanya, ila angalau chakula chenyewe hakikuwamaliza. Vidonge vya isoflavoni vilivyokamuliwa ni habari nyingine, mgonjwa anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road au kwingine asivinunue kabla hajamuuliza daktari wake.

Haya, sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike yote haya. Juzi nilikuwa mashineni kusaga unga, mbele yangu kuna dada mdogo mdogo hivi ana ndoo ya uji wa lishe ya mtoto wa miezi saba, mahindi, ulezi, mchele, karanga, ngano na soya, vyote vimechanganywa. Ile soya ilikuwa bado ina rangi yake ya maziwa ya mgando, haijapigwa moto hata kidogo, nikatia moja mdomoni nikatafuna, ladha ya majani mabichi kabisa. Nikamuuliza "mdogo wangu, soya hukukaanga?" Akanijibu "dada, nimeambiwa ukikaanga virutubisho vinakufa." Kijana wa mashine wala hakugeuka, yeye kasema "mi nasaga tu."

Hapo ndo penye shida ya kweli ya soya na hakuna anayetuma video yake. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, tripsini ni kile kimeng'enya kutoka kongosho kinachovunja protini ili mwili uichukue. Yaani unampa mtoto protini na wakati huo huo unampa kizuizi cha protini. Hili lilijulikana zamani sana, 1917 watafiti Osborne na Mendel huko Marekani waliwalisha panya soya mbichi wakadumaa, wakawalisha iliyopikwa wakakua. Moto ndo unaiua hiyo kitu. Kwa hiyo kale ka imani ka kwamba moto unaua virutubisho, kwenye soya ni kinyume chake, moto ndo unaifanya iwe chakula. Kusema uji utapikwa tena nyumbani ni kweli utapikwa, lakini uji wa mtoto ukishatokota dakika kadhaa mama anaepua, na soya inataka zaidi ya hapo.

Mi nafanya hivi. Nachambua, naosha, nabandika maji mpaka yachemke kabisa ndo namwaga soya ndani, sio kuanza na maji baridi, ukiitupia kwenye maji yanayotokota ile harufu ya ubichi haipati nafasi ya kutengenezeka. Nachemsha kama nusu saa, namwaga yale maji, nasugua maganda yatoke, naanika jua kali mpaka ikauke ngo, afu nakaanga moto wa wastani mpaka iwe kahawia na jikoni kunukie kama karanga. Hapo ndo inaenda mashineni. Kumwaga maji kunasaidia na gesi pia, soya ina sukari fulani ambazo tumbo letu haliwezi kuzivunja, bakteria wa utumbo mkubwa wanazipokea wao na matokeo yake mnayajua.

Wanaotengeneza maziwa ya soya nyumbani wawe macho na povu. Ukishasaga na kuchuja ukabandika jikoni, povu linapanda mapema sana, sufuria linataka kumwagika, mtu anajua yamechemka anaepua, kumbe hayajafika. Punguza moto, koroga, yaache yatokote dakika kumi na kitu. Na hayo maziwa yasiitwe maziwa ukafikiri ni ya ng'ombe, ya kutengeneza nyumbani kalsiamu yake ni ndogo na vitamini B12 hamna, kwa hiyo mtoto chini ya mwaka usimbadilishie ya mama yake kwa hayo. Kalsiamu bora umtafutie dagaa.

Kuhusu ile ndoo yenye vitu sita mi nina maoni yangu, nafaka moja na jamii ya kunde moja inatosha, mahindi na soya wanakamilishana vizuri tu kwa sababu mahindi yamepungukiwa laisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na soya inayo nyingi. Karanga ukiongeza ziwe safi, maana sumu kuvu inakaa kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo sumu. Chekeche na macho vinapunguza hatari, punje yenye ukungu au iliyosinyaa toa.

Faida zake basi, maana nimeongea hofu tu. Soya kavu protini ni kama gramu 36 kwa kila gramu 100, maharage yetu yanazunguka 22 hivi, na protini yake ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mafuta yake mengi ni yale yasiyoganda, na kolesteroli mbaya inashuka kidogo, asilimia tatu nne hivi, sio muujiza, ila ukichukulia kwamba ile nyama ya soya ya paketi imekaa badala ya nyama yenye mafuta hapo faida inaongezeka. Madini ya chuma yamo lakini yanashikwa na faiteti, kitu cha kwenye mbegu kinachozuia madini yasinyonywe, kamulia ndimu au kula na chungwa, na chai ya rangi isubiri.

Wa kukaa mbali kabisa ni mwenye aleji ya soya, huyo asome mpaka paketi za biskuti na soseji.

Na mwenye shida ya tezi la shingo anayemeza levothairoksini, ile dawa ya tezi, kama mama yangu mdogo, haambiwi aache soya, anaambiwa asiviweke pamoja, maana soya inazuia dawa isinyonywe vizuri. Yeye alikuwa anameza kidonge na uji wa lishe saa moja asubuhi, kila akienda kliniki dozi inapandishwa na hakuna aliyemuuliza anakula nini. Siku hizi kidonge anameza na maji akiamka swala ya alfajiri, na uji wa soya ameuhamishia jioni.