Helmeti ya laki tano na ya elfu tisini: ipi inakinga kichwa zaidi?

Jumamosi moja, kwenye steji ya boda pale Busia, upande wa Uganda, si mbali na geti la mpaka wa Kenya, niliweka helmeti tatu juu ya benchi na msumeno wa chuma pembeni. Moja ilinunuliwa shilingi elfu thelathini za Uganda, ya pili elfu tisini, na ya tatu laki tano. Mwenye ile ya laki tano alikataa isikatwe, na nilimwelewa. Mimi ni mhandisi, nafundisha chuoni mambo ya nguvu na migongano, na nilikuwa nimekuja kujibu swali ninaloulizwa kila steji ninayofika: "Injinia, hii ya ghali inakinga kweli, au tunalipia jina?"

Nilianza na ya elfu thelathini. Msumeno ulipita kama unakata ndoo ya maji. Chini ya plastiki palikuwa na sponji laini ya unene wa kidole, kama ile ya kujazia viti, halafu kitambaa. Basi. Kijana aliyeileta amebeba abiria nayo miaka miwili. Alibonyeza ile sponji kwa dole gumba mpaka likagusa plastiki, akabaki kimya.

Ya elfu tisini ilinitoa jasho kidogo. Ndani yake palikuwa na tabaka jeupe la povu gumu, unene wake karibu sentimita tatu, la aina ile inayokuja imeibana televisheni mpya ndani ya boksi. Ukilibonyeza kwa kidole halibonyei. Ukiligonga kwa nyundo linapondeka, na likishapondeka halirudi. Vijana walilipokezana mkono kwa mkono, wakilikwaruza kwa kucha.

Povu hilo jeupe ndilo linalookoa kichwa. Gamba la nje lina kazi yake: linasambaza pigo ili lisiangukie sehemu moja, linazuia jiwe au chuma kisipenye, na linateleza juu ya lami badala ya kunasa. Lakini anayepokea pigo lenyewe ni povu.

Hebu tupige hesabu. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita moja na nusu, kinafika chini na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Fuvu tupu likigonga lami linasimama ghafla, tuseme ndani ya milimita tatu. Ubongo uliomo ndani ulikuwa bado safarini, na unajigonga kwenye ukuta wa fuvu. Kwa umbali huo mfupi, nguvu inayokisimamisha kichwa ni kama mara 500 ya uzito wake. Ukikipa sentimita tatu za povu linalopondeka polepole, nguvu hiyo inashuka hadi kama mara 50. Sponji haiwezi kazi hiyo kwa sababu inalala yote mara moja, kisha kichwa kinakutana na plastiki, na plastiki inakutana na lami.

Sasa tuje kwenye laki tano. Pesa hizo zinanunua vitu vya kweli: gamba la nyuzi za kioo au za kaboni, ambalo ni jepesi; matundu yanayopitisha hewa; kioo kisichopata ukungu wakati wa mvua; kitambaa cha ndani kinachotoka ukakifua. Sidharau hayo. Mtu anayevaa helmeti tangu alfajiri mpaka usiku, katika joto la Busia, wepesi na hewa ndivyo vinavyomfanya asiivue saa saba mchana na kuitundika kwenye kioo cha pembeni. Lakini hapo tunazungumzia raha ya kuvaa. Kinga dhidi ya pigo inapimwa kwa namna nyingine, na imeshapimwa.

Uingereza, tangu mwaka 2007, serikali ina mpango uitwao SHARP. Wananunua helmeti madukani wenyewe, wanazigongesha kwa kasi tatu tofauti, kisha wanazipa nyota, moja hadi tano. Zimekuwapo helmeti za pauni 50 hivi zilizopata nyota tano, na zimekuwapo za bei mara kadhaa ya hiyo zilizopata chache zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2005, jarida moja la pikipiki la Marekani lilifanya majaribio yake, na helmeti ya dola 80 hivi ilipitisha mshtuko mdogo kichwani kuliko nyingine za mamia ya dola. Sababu yake inaeleweka. Baadhi ya zile za ghali zilitengenezwa ngumu sana ili zistahimili mapigo mazito mahali palepale, na ugumu ukizidi, povu halipondeki pale pigo linapokuwa la kawaida. Pigo linaingia ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wa Busia lilikuwa hili: kuna mstari. Chini yake unavaa ndoo. Ukishauvuka, kila elfu unayoongeza inakununulia raha zaidi kuliko usalama. Na mstari wenyewe hausomeki kwenye bei, unasomeka kwenye kiwango.

Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Helmeti inagongeshwa kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, na mshtuko unaofika kichwani hauruhusiwi kuzidi mara 275 ya nguvu ya uvutano. Kilomita 27 zinaonekana chache, najua. Lakini kumbuka kwamba mara nyingi kichwa hugonga ardhi kwa kasi ya kuanguka, si kwa kasi ya pikipiki. Toleo jipya, 22.06, lililoanza kutumika 2021, linapima pia pigo la mshazari, lile linalokizungusha kichwa ghafla na kuuumiza ubongo hata fuvu likiwa zima.

Alama yake ni herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyoidhinisha: E4 ni Uholanzi, E3 ni Italia. Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye ukanda wa kidevu, yenye namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Stika iliyobandikwa kisogoni peke yake usiiamini, hiyo inachapishwa popote. Lebo nayo inaweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie kusoma. Vuta kitambaa cha ndani, tafuta lile povu jeupe, na hakikisha limepanda mpaka utosini na kushuka pande zote mbili. Muuza duka akikukataza kuangalia ndani, ondoka.

Halafu ivae. Funga ukanda, inamisha kichwa, na mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, hiyo si yako, hata kama ni ya laki tano. Helmeti iliyowekwa kichwani bila kufungwa inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu mtu amelipia kinga halafu anaiacha barabarani.

Usinunue iliyotumika. Povu lililokwisha kupondeka halionekani kwa nje, na kazi yake ni ya mara moja. Ukianguka ukaigonga, nunua nyingine. Na tafadhali usiisafishe kwa petroli, kama nilivyomwona jamaa mmoja akifuta grisi pale steji. Petroli inaliyeyusha lile povu. Maji na sabuni vinatosha.

Abiria naye ana kichwa, na sheria ya Uganda inamtaka avae kama dereva. Kina mama wengi waliosuka nywele wananiambia helmeti haiingii, au wanaogopa jasho la waliotangulia. Ni hoja za haki. Kitambaa chepesi cha kufunika nywele kinatatua la pili. La kwanza linahitaji dereva awe na helmeti ya abiria yenye saizi kubwa kidogo, na ukanda unaokaza.

Kwa nini nasumbuka hivi? Mwaka 2008, mapitio ya tafiti 61 yalionyesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba majeruhi wa bodaboda walimeza asilimia 62.5 ya bajeti ya kitengo cha upasuaji pale Hospitali ya Mulago, Kampala. Pesa hizo zingetibu wangapi wengine?

Yule kijana wa sponji aliniuliza elfu tisini ataitoa wapi. Mwenyekiti wa steji akamjibu kabla yangu. Wanachangishana tayari kwa ajili ya misiba na matairi, akasema, basi kila mmoja aweke elfu mbili kwa siku, na siku ya arobaini na tano ana helmeti. Kijana akauliza kama anaweza kuanza jioni ileile. Mwenyekiti akatoa daftari mfukoni, akaandika jina lake kwenye ukurasa mpya, na kijana akaweka noti mbili za elfu juu ya benchi, kando ya vipande vya helmeti yake.