Kanuni ya Damu Michezoni: Maana Yake na Sababu za Kuwapo Kwake

Kanuni ya damu ni utaratibu unaomtaka mwamuzi amtoe uwanjani mchezaji yeyote anayevuja damu, na kumzuia asirudi mpaka damu ikome, jeraha lifunikwe na jezi iliyochafuka ibadilishwe. Katika soka imo ndani ya Sheria za Mchezo. Katika raga majeruhi hupewa dakika 15 za kutibiwa huku mwenzake akishika nafasi yake kwa muda. Mtazamaji aweza kudhani kwamba huo ni unadhifu tu, au huruma kwa aliyeumia, lakini kanuni hii ni chombo cha kudhibiti magonjwa ya kuambukiza, na kilichoipa nguvu ni hofu ya VVU iliyoikumba michezo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Tarehe 7 Novemba 1991 Magic Johnson wa Los Angeles Lakers alitangaza kwamba ameambukizwa VVU na kwamba anastaafu mpira wa kikapu. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona, lakini alipotaka kurejea kwenye ligi, baadhi ya wachezaji, akiwamo Karl Malone, walisema hadharani kwamba wana wasiwasi wa kucheza naye, na mkwaruzo mdogo alioupata mkononi katika mechi ya maandalizi ukautia moto mjadala huo, hata akajiondoa kabla msimu haujaanza. Kisha mwaka 1995 mpiga mbizi Greg Louganis, naye wa Marekani, akafichua kwamba katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, alipojigonga kichwa kwenye ubao wa kurukia majini na kuchanika, alikuwa tayari anajua kwamba ana VVU. Watu wengi waliulizia maji ya bwawa, ambayo kwa wingi wake na kwa klorini iliyomo hayakuwa na hatari yoyote kwa waogeleaji wengine. Aliyekuwa na haki ya kuuliza ni daktari aliyemshona bila glavu, ingawa naye hakuambukizwa.

Kisa hicho cha bwawa chaonyesha jinsi hofu inavyoelekea pasipo na hatari. VVU haviambukizwi kwa jasho, mate, kukumbatiana baada ya bao wala kuoga bafu moja. Uwanjani njia pekee inayofikirika ni damu ya mtu mwenye virusi kuingia katika jeraha bichi la mwingine, au machoni na kinywani mwake. Hata mhudumu wa afya anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, uwezekano wake wa kuambukizwa ni takriban 3 katika 1,000, na michubuko ya wachezaji wawili waliogongana haifikii kina cha sindano. Watafiti waliochunguza ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukumbana unaofanana na raga, mwaka 1995 walikadiria kwamba hatari hiyo ni chini ya tukio 1 katika migongano milioni 85.

Kirusi kilichostahili hofu hiyo ni kingine, yaani kile cha homa ya ini B. Kwa sindano ileile, mtu asiyechanjwa aweza kuambukizwa kwa kiwango kinachofika 30 katika 100, na kirusi chenyewe huweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka juu ya benchi au mkeka kwa siku 7. Historia ya michezo nayo inathibitisha hilo. Nchini Sweden, kati ya 1957 na 1963, wanariadha zaidi ya 500 wa mbio za porini, zile ambazo mkimbiaji hutafuta njia kwa ramani na dira, walipata homa hiyo, kwa kuwa miguu yao mitupu ilichanwa na vichaka na baada ya mashindano walinawa kwa maji ya pamoja. Mlipuko huo ulidhibitiwa pale ilipoamriwa kuvaa nguo zinazofunika miguu. Baadaye, nchini Japani, ulitokea mlipuko mwingine katika klabu ya sumo ya shule ya sekondari.

Magonjwa ya ngozi, kama malengelenge ya hepesi kwa wanamieleka na choa kwa wanaotumia mikeka pamoja, yanaenea kwa urahisi zaidi kuliko hayo yote, ila hayaingii katika mjadala wa damu. Kutochangia taulo na wembe hupunguza hatari yake.

Kiini cha kanuni ya damu, kwa maoni yangu, ni kwamba haiulizi nani ana virusi. Inaichukulia damu ya kila mtu kuwa huenda ina maambukizi, kwa sababu mtu aliyeambukizwa juzi aweza kupimwa na asionekane, na kwa upande mwingine mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo, hatari yake ya kumwambukiza mwenzake ni ndogo mno. Kocha anayewataka vijana wake walete vyeti vya kupima ndipo awapange kikosini anavunja siri ya mgonjwa bila kuongeza usalama wowote. Ndondi ndiyo inayokwenda njia tofauti: kwa kuwa kuchanika ni sehemu ya pambano, mamlaka nyingi huwapima mabondia VVU na homa ya ini B na C, na ni kwa kipimo hicho bondia Mmarekani Tommy Morrison alizuiwa kupigana huko Nevada mwezi Februari 1996.

Tatizo la kwetu liko kwenye vifaa. Katika mechi nyingi za mitaani, zile ziitwazo ndondo Dar es Salaam, huduma ya kwanza ni ndoo moja ya maji yenye sponji moja, ambayo hufuta goti la huyu, ikakamuliwa ndani ya ndoo ileile, kisha ikafuta nyusi ya yule. Kinachohitajika si ghali: glavu za kutupa, pamba au shashi ya mara moja kwa kila majeruhi, maji safi ya kumiminia jeraha badala ya kulichovya, plasta isiyobanduka kwa jasho, na mfuko wa kutupia taka. Damu iliyomwagika kwenye sakafu hufutwa kwanza, kisha pakapakwa mchanganyiko wa jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, pakaachwa kwa dakika 10 hivi.

Anayepatwa na damu machoni au kwenye jeraha aoshe mara moja kwa maji mengi na afike kituo cha afya upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Kwa homa ya ini B mtu aweza kujikinga hata kabla ya kukutana na damu, kwani chanjo yake ipo na mtu mzima hupewa dozi tatu ndani ya miezi 6. Katika Tanzania na Kenya watoto walianza kupewa chanjo hiyo kwa utaratibu wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo makocha, waamuzi na matabibu wa timu waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wanaoshika majeraha kila wiki, wengi wao hawajachanjwa.