Masikio Hayazoei Kelele

Tangu kumalizika maadhimisho ya Siku ya Usikivu Duniani ya tarehe 3 Machi, kliniki ya masikio hapa Pemba tunapokea wanafunzi wengi wa sekondari. Lalamiko kubwa ni masikio kuvuma wakati wa kulala. Wengine huletwa na wazazi, maana wakiitwa hawaitiki.

Karibu wote huniambia, "Mimi nimeshazoea sauti kubwa." Hakuna sikio linalozoea. Ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio inayopokea sauti, mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, na zikifa hazioti tena. Anayeona sauti ya jana leo haimtoshi, ajue seli hizo ndizo zinazopungua. Huanza kupotea sauti nyembamba, kwa hiyo kijana anasikia kuwa mwalimu anasema lakini herufi kama "s" na "f" zinampita.

Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni kama dakika 20. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho hupita hapo. Tazameni abiria wa boti ya Mkoani: injini inanguruma, naye anapandisha sauti ili aishinde, na akishuka bandari ya Malindi, Unguja, bado iko pale pale. Kwa kawaida, sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa simu.

Sasa kuhusu kipimo cha usikivu. Siku moja kabla, usivae eafoni wala usikae karibu na spika za harusi, kwani sikio lililochoka hutoa majibu yasiyo sahihi. Ukifika tunatazama kwanza kama kuna nta, na ikiwepo tunaitoa. Kisha unaingia chumba cha kimya, unavishwa hedifoni, na unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio, hata ukiwa hafifu sana. Tunapima sikio moja moja, kuanzia mlio mnene wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8,000, na majibu yanachorwa kwenye chati. Tafadhali usibonyeze kwa kubahatisha. Tunagundua, na tunarudia mwanzo.

Na jambo hili tumelisema mara nyingi: msitie mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) masikioni. Yanaunguza ngozi ya ndani, na hayafufui seli hata moja. Pamba na njiti pia muache.

Kijana aje na simu na eafoni anazotumia, tuone pamoja anasikiliza kwa kiwango gani. Lakini anayeamka asubuhi sikio moja halisikii asingoje miadi. Aje siku hiyo hiyo, kwani tiba ya tatizo hilo hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita.