Je, wajua? Kwa nini mabehewa ya kale hutafutwa kwenye mabanda ya kuku

Ukifika stesheni ya Havenstreet kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, utapanda treni ya mvuke inayovuta mabehewa ya mbao ya enzi za malkia Victoria, rangi inang'aa, vitasa vya shaba, viti vya kitambaa, na ukiuliza yametoka wapi utaambiwa hili lilikuwa nyumba ya mtu, lile stoo ya shambani. Sasa ilikuwaje?

Jibu ni hela ya skrepa. Behewa ni vitu viwili, bodi ya mbao juu na chesesi ya chuma chini yenye magurudumu, springi na breki. Kampuni za reli zilipoyastaafisha, chuma kilikuwa kinauzika ila bodi hakuna aliyeitaka kwa safari, kwa hiyo ilinyanyuliwa ikauzwa bei chee kwa yeyote mwenye kiwanja. Watu wakageuza mabanda ya kuku, vibanda vya bustani, nyumba za likizo ufukweni. Pale Shoreham, Sussex, kulikuwa na mtaa mzima wa nyumba za hivyo, ukiitwa Bungalow Town, na nyingi zilibomolewa mwaka 1940 kwa ajili ya ulinzi wa pwani wakati wa vita.

Cha kuchekesha ni kwamba kugeuzwa nyumba ndiko kulikoziokoa hizo bodi. Mwenye nyumba akiona panavuja anaezeka paa jingine juu ya lile la behewa, anapigilia mbao ubavuni, anapaka rangi juu ya rangi, basi mafundi wakija kubandua miaka mingi baadaye wanakuta mtiki (ndiyo, mtiki huuhuu tunaoupanda Longuza kule Muheza) bado mgumu, na chini ya matabaka ya rangi wakati mwingine namba ya behewa na daraja lake vinasomeka kabisa. Ya kubaki zima na magurudumu yake ni machache na mara nyingi yana stori nzito, kama lile la Makumbusho ya Reli Nairobi ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall humo ndani pale Kima mwaka 1900.

Haya, bodi imepatikana, magurudumu je? Hapo wanafanya kama mafundi wetu wanaojenga bodi ya basi juu ya chesesi ya lori. Kampuni ya Southern Railway ilitengeneza mabehewa mengi ya vifurushi yenye magurudumu manne, yakabaki kazini hadi miaka ya 1980, na kwa vile yalikuwa yanafungwa kwenye treni za abiria yalikuwa na springi laini na breki za kueleweka, si kama mabehewa ya makaa ambayo yangekurusha kitini. Bodi ya zamani ikiwa fupi, chesesi inakatwa inafupishwa. Kuna wanaonung'unika eti hilo si behewa halisi tena, mimi naona bora hivyo kuliko liozee shambani.

Kazi ya seremala ndiyo inayokula miaka. Mbao za chini zilizokuwa zimelala ardhini huwa zimeoza, kuta za vyumba zimeng'olewa zamani ili mwenye nyumba apate sebule, na kila chumba kinataka mlango wake wa nje, kila mlango ufunge sawasawa. Paa ni mbao zilizofunikwa turubai lililoloweshwa rangi nzito lisivuje.

Kitu ambacho kwa kawaida hakirudishwi ni gesi ya taa. Mwaka 1915 kule Quintinshill, Scotland, treni ya wanajeshi yenye mabehewa ya mbao na taa za gesi iligongana ikashika moto, wakafa zaidi ya watu 200. Kwa hiyo ukiona taa ya kizamani darini, ndani yake ni balbu ya umeme.